Msiba wa Matai

Huku kwetu mtu akipata safari ya nje haitangazi. Anafunga mabegi mlango ukiwa na komeo, anawaambia majirani anakwenda Mpui kupalilia, na watu wanakuja kujua ameondoka wakati ameshafika na ameanza kutuma picha. Hilo nalijua tangu utotoni na sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni kwamba katika safari ya rafiki yangu, mimi nilihesabiwa pamoja na majirani.

Tulikuwa wauguzi wa wodi moja, wodi ya wazazi, Sumbawanga mjini. Tulipanga kwenda Uingereza pamoja, na wazo lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyesikia kwanza kwamba wanatafuta wauguzi, mimi ndiye niliyepakua mitihani ya mazoezi ya Kiingereza, na chumbani kwangu Kizwite ndiko tulikokaa kila Jumamosi, jiko la mkaa katikati, tukiulizana maswali kuhusu hali ya hewa na wanyama wa kufugwa. Matamshi yake yalikuwa mabaya kuliko yangu. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu bado naumia.

Tulikwenda Dar es Salaam kufanya mtihani. Majibu yalipotoka, sehemu ya kuandika ilikuwa imeniangusha. Nikamwita, akaja mbio, akasema na yeye ameanguka. Tulilia wote wawili kitandani kwangu, halafu tukaenda kula chipsi mayai na kukubaliana kwamba tutajaribu tena pamoja. Nakumbuka yeye alilia kwa sauti kuliko mimi.

Miezi ikapita. Asubuhi moja hakuonekana kazini, na msimamizi wa wodi akasema amefiwa na mama yake mdogo huko kijijini Matai, yule aliyemlea baada ya wazazi wake kufariki. Nilishangaa kwamba hakunipigia simu, nikajiambia ni uchungu. Nikaanza kuwahimiza wenzetu twende msibani. Mmoja akasema mtoto wake anaumwa. Mwingine alikuwa na wageni. Mwingine alijifanya anatafuta kitu kabatini mpaka nikachoka kusimama. Nikawapa vidonge vyao: kwamba wao wakifiwa watazika wenyewe, na kwamba wagonjwa wetu wana bahati hawazijui roho za watu wanaowahudumia. Wote walitazama sakafu. Nilidhani ni aibu.

Nikabadilishana zamu, nikabeba unga na sukari, nikajifunga kanga kiunoni na kupanda gari la Matai peke yangu. Kwetu mwanamke haingii msibani kimya. Unaanza kulia ukiwa bado njiani, ili waliomo ndani wajue anayekuja ni mtu wao. Basi nilipofika kona ya shamba la mahindi, nyumba ikaonekana, nikaanza. Nilimlilia yule mama kama mama yangu mzazi, na nililia vizuri. Majirani wakatoka. Na marehemu naye akatoka, ungo wa maharage mkononi, akiuliza nani amekufa.

Nilijikuta nimechuchumaa, napiga makofi ya taratibu kama tunavyowasalimu wakubwa, machozi bado yanatiririka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umefunga kiuno hivyo, umefiwa?"

Nikamwambia nilichoambiwa. Akanitazama kidogo, akaweka ungo chini, akanishika mkono na kuniingiza ndani kabla majirani hawajasikia mengi. Alinipikia kwanza. Nilipomaliza ule ugali wa ulezi ndipo aliponiambia kwamba mwanawe aliufaulu ule mtihani na ameshapanda ndege, na kwamba kazini alishawaaga wote, hata mfagiaji.

"Sasa msiba ulikuwa wa nini?"

"Aliniomba nife kidogo tu, mpaka afike. Alisema wewe ndiye utakayeuliza sana. Alijua una zamu wiki nzima, hakudhani ungekuja."

"Kwa nini mimi, mama?"

Alikusanya makombo ya ugali mezani, yote, kabla ya kujibu. "Alisema analiogopa jicho lako."

Watu wa mikoa mingine wakisikia unatoka Sumbawanga huanza utani wa uchawi, na sisi hucheka nao, tumeshazoea. Lakini wenyewe kwa wenyewe neno kama hilo hatulitupi ovyo. Nilirudi nalo mjini na wodini sikumsalimia mtu. Kilichoniudhi kuliko vyote ni kwamba kabla ya siku ile sikuwa na kijicho naye hata chembe. Nilikipata pale pale, kwenye kigoda cha mama yake mdogo, na tangu hapo hakijaniacha.

Nilimwonea wivu kwa kila kitu. Picha zake nilizikuza kwenye simu, nikamruka yeye na kutazama vilivyokuwa nyuma yake: swichi ya ukutani, birika la umeme, viatu vya watu wengine vilivyopangwa mlangoni. Alinunua koti jekundu la kufika magotini. Aliandika kwamba baridi ya huko inauma, yeye aliyekulia Ufipa, ambako mwezi wa saba tunalala na masweta. Nilisoma hilo nikiwa zamu, nikatamani niwe na mtu wa kusengenya naye, na mtu huyo alikuwa yeye. Aliniletea ujumbe mrefu wa kuomba radhi, akisema aliogopa tu, akisema ni desturi. Nilimjibu "Hongera" na ua moja.

Matai nilirudi kwa nia mbaya. Nilitaka kuona amemtumia nini yule mama. Nilikuta bati jipya, godoro jipya, na sufuria ambazo hazijawahi kuona moto. Nilikuwa nimesimama uani nikiyatazama mabati yale upande hadi upande aliponisemesha kutoka jikoni.

"Kagua na la choo, mzishi wangu. Hilo umelisahau."

Nilicheka, sikuwa na la kufanya. Ikawa nikipata mapumziko naenda. Nampima presha, tunachambua maharage, ananisimulia utoto wa mwanawe, na mimi nasikiliza kwa wivu hata huo utoto. Wageni wakija ananitambulisha: "Huyu alishanililia nikiwa mzima. Mimi msiba wangu nimeshausikia, ni mzuri."

Alifariki mvua zilipoanza. Ilikuwa presha, ghafla, kabla gari halijapatikana la kumpeleka hospitali. Safari hii wenzangu wa wodi walikuja wote. Nilipofika kona ile ile, shamba likiwa bado tupu, nilitaka kulia kama mara ya kwanza na sauti ikagoma. Nilitembea kimya mpaka mlangoni, na hakuna aliyenilaumu.

Baada ya mazishi rafiki yangu alinipigia simu ya video. Alikuwa amenyimwa ruhusa, kazi ilikuwa bado mpya. Nilikwenda kukaa nyuma ya nyumba, chini ya yale mabati yake. Alikuwa amevaa sare, macho yamevimba.

"Nimemuua kwa mdomo wangu," akasema. "Nilimsingizia kifo."

"Ilikuwa presha. Wewe ni muuguzi, unajua."

"Nani alimwosha?"

"Mimi."

"Haki ya Mungu nakuonea wivu," akasema.

Maneno hayo niliyangoja tangu siku ya ungo wa maharage. Nilikuwa na jibu lake tayari, kali, nimelinoa barabarani mara nyingi kati ya Matai na mjini. Halikutoka. Alianza kulia, na mimi kilio kilichokataa pale kona kikaja chote, kwa sauti, na wanawake waliokuwa jikoni wakaniitikia. Nilidhani kijicho changu kimeishia hapo. Kisha akainama kufuta uso, na nyuma yake nikaona kipande cha dirisha, kioo kirefu chenye matone ya mvua, taa za barabarani zimewaka mchana, na kitu chekundu kikipita.

"Sogeza simu kidogo kulia," nikamwambia. "Sikuoni vizuri."

Akasogeza, na nikaliona dirisha lote.