Prosesa Mbili Juu ya Meza ya Kasese

Jumamosi iliyopita nilisimama mbele ya meza ya duka moja la kompyuta mjini Kasese, jua likichoma mabati kama kawaida yake, na muuzaji akaniwekea viboksi viwili. Ndani ya kila kimoja mlikuwa na prosesa, kile kijisahani kisichozidi biskuti ambacho ndicho kichwa cha kompyuta nzima. Nilikuwa najenga mashine ya kuchezea gemu. Ndiyo, rafiki yangu, umesoma vizuri: mimi, mwalimu wa hesabu wa sekondari, mama wa watoto wawili, mwenye miwani ya kusomea. Cheka umalize, kisha tuendelee.

"Nyabo, hii iko na picha ndani," muuzaji alisema, akiniita bibi kwa desturi ya huku, akigusa boksi la kwanza. "Ukifika nyumbani unacheza leo leo. Hii ingine iko na nguvu mingi, lakini yenyewe haitoi picha. Mpaka uweke kadi ya picha, na kadi saa hii hakuna. Itakuja kutoka Kampala, lakini siku siwezi kudanganya."

Mjuzi yeyote wa mambo haya angekuambia uchukue ya pili. Ile ya kwanza ingecheza mpira na mbio za magari vizuri tu, ila baada ya mwaka ingeanza kuhema. Ya pili ingekaa miaka. Hesabu yenyewe ni nyepesi, na hesabu ndiyo kazi yangu. Lakini nilimwomba anipe nafasi kidogo, nikatoka nikakaa barazani, kwa sababu mashine ile haikuwa yangu peke yangu wala haikuwa ya watoto wangu. Nilikuwa nikiijenga kwa ajili ya rafiki yangu, na ili unielewe sina budi kukurudisha Bwera.

Bwera ndiko nilikokulia. Baba alikuwa dereva wa lori, akibeba mizigo kati ya Kasese na mpakani, na nyumba yetu ilitazama barabara ya soko. Siku yetu ilianza na adhana, ikafuata kengele ya Wakatoliki, kisha mchakacho wa jamvi likikunjuliwa uani kwa ajili ya kahawa. Kazi yangu ilikuwa kuigeuza kahawa juani na kuianua mvua ikishuka kutoka milimani, na mvua ya kule haipigi hodi. Mpaka leo nikisikia harufu ya kahawa inayokauka, macho yangu hupanda juu kutafuta wingu.

Ukuta kwa ukuta na sisi aliishi mama mmoja mfanyabiashara kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, aliyeuza vitenge, sabuni na samaki wa chumvi. Alikuwa na binti wa rika langu. Siku ya Idd nilitumwa kwao na sinia la pilau, na Krismasi sinia lilelile lilirudi na sombe, yaani kisamvu, iliyopikwa kwa mawese na bugali wa muhogo ungali moto. Mama yangu alisema kila mwaka kwamba sombe ile anaionja tu kwa heshima ya jirani. Sijawahi kuona heshima inayokomba bakuli namna ile.

Siku moja, katikati ya marobota ya vitenge, ikaja kompyuta. Ilikuwa kuukuu, imeanza kuwa njano, nayo ilikuwa na gemu moja tu, ya mpira. Mama mfanyabiashara akaiweka chumba cha nyuma, na mtaa mzima wa watoto ukahamia pale. Tabu ilikuwa moja: feni yake ya ndani ilikuwa imekufa. Kompyuta isiyo na feni, chini ya mabati, huchemka na kuzimika, na ilikuwa na tabia ya kuzimika pale tu mpira unapoelekea golini. Basi mama akafungua ubavu wa ile mashine, akaweka sheria: anayecheza awe na wa kupepea. Wenye sarafu walilipa sarafu. Sisi wengine tulilipa kwa mkono. Ukipepea mchezo mmoja, unacheza mmoja. Tulipepea kwa nyungo za kupepetea kahawa, na jioni ungewasikia akina mama wakiulizana nani kachukua ungo wake.

Usidhani kupepea ni kazi ya mjinga. Ukipepea kwa nguvu, unarusha vumbi ndani. Ukilegea, inazimika na wenzako wanakuchukia hadi kesho. "Polepole, mutoto," mama alikuwa akisema bila hata kuinua kichwa kwenye vitenge vyake. "Mashini iko sawa mutu. Haipende haraka."

Binti yake na mimi tuligundua jambo ambalo wavulana hawakuligundua, kwamba anayepepea huona uwanja wote, kwa kuwa hana haraka ya vidole. Basi mimi nikicheza, yeye akipepea alininong'oneza nani yuko wazi. Yeye akicheza, nilimnong'oneza mimi. Siku ya soko waliteremka wavulana kutoka Karambi, wanajisifu tangu mlangoni, tukawafunga mbele ya mashabiki wao. Rafiki yangu alikuwa na kicheko cha kuanguka chini, anacheka mpaka anashika ukuta, na siku ile alicheka mpaka mama yake akaja kuona kama kuna aliyeumia. Nilimpenda kwa kicheko kile kuliko kwa kitu kingine chochote.

Lakini nyumba yao ilikuwa nyumba ya wapita njia. Walilala kwenye magodoro chini miaka yote ile, na hawakuwa maskini. "Mutu hanunue kitanda mu safari," mama yake alisema kila alipoulizwa. Kila kiangazi alituambia kwamba mwaka huu vita vitatulia, nao watarudi kwao. Butembo niliijua kwa mdomo wake tu: baridi ya asubuhi, viazi vya kuchemsha na jibini, kabichi kubwa kuliko kichwa cha padri. Nilikuwa Mwislamu mdogo mwenye kuamini kwamba Wakatoliki wakifa huenda Butembo. Kisha msimu mmoja habari zikawa njema, na baba yangu mwenyewe ndiye aliyewapakia kwenye lori lake hadi daraja la mpakani, magodoro, mashine na yote. Nililia mpaka mama yangu akatishia kunipa sababu ya kulia.

Mwaka jana rafiki yangu alivuka daraja lilelile kwa miguu, akikimbia vita vilivyorudi, akiwa na watoto wawili na furushi moja. Mama yake walikuwa wamekwisha kumzika kule. Alipanga chumba Bwera, nami nilipomwendea na chakula alinikumbatia, tukakaa, tukaongea. Kicheko hakikuwepo. Nilikitafuta kwa hadithi zote za utotoni, hata ile ya Karambi, akatabasamu kwa adabu kama mtu anayesikiliza hotuba. Nilitaka kumnunulia kitanda, akakataa kwa maneno ya mama yake. Simu haikumtoka mkononi, akingoja jirani wa kule aliyemwachia nyumba ampigie na kusema njia imekuwa nzuri. Kila nilipomtembelea alikuwa wa kuondoka mwezi ujao.

Halafu Jumapili moja, baada ya misa, alipanda gari akaja kwangu Kasese. Mwanangu alikuwa akicheza mpira kwenye simu, akifungwa vibaya. Rafiki yangu alimtazama, akamtazama, mwishowe akamnyang'anya simu kwa upole, akacheza mwenyewe. Alipofunga bao alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi na hakikufika ukutani, lakini kilikuwa chenyewe. Usiku ule nikaamua kujenga mashine, kubwa, yenye skrini ya kutosha watu wawili.

Sasa unaona kwa nini nilikaa barazani. Busara ilisema nichukue yenye nguvu, ningoje kadi. Hofu ilisema kadi ikifika, rafiki yangu atakuwa ameshavuka daraja, nami nitabaki na mashine nzuri ya kumkumbukia. Hofu ikashinda. Niliinuka niseme naichukua ile yenye picha ndani, ya kucheza leo leo. Kabla ya kuingia nikampigia simu, maana zawadi hii kuificha kulikuwa kumenichosha, na yeye ndiye aliyekuwa na macho ya kuchagua tangu zamani.

Nilimweleza yote, prosesa hii na prosesa ile, moja ya leo na moja ya kungoja. Nyuma yake nilisikia watoto na honi za lori za mpakani.

"Kamata ile ya nguvu," alisema.

Nikamwambia kadi yaweza kuchukua muda, labda hata Krismasi ipite.

"Haina shida. Tutaingojea." Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya nyanya, "Jirani alinipigia juzi. Ile nyumba balishaichoma. Batu bote bamekimbia. Miye sirudie tena kule."

Sitakudanganya, kitu cha kwanza kilichopita moyoni mwangu kilikuwa furaha. Atakuwepo Krismasi, atakuwepo na mwaka mwingine. Furaha ile ilidumu kwa muda wa kuvuta pumzi moja, kisha nikasikia alichosema. Nikamwambia tu kwamba nakuja Bwera jioni ile, naye akasema nije na mkate.

Niliingia nikamwambia muuzaji afunge ile yenye nguvu. Alinitazama, akaacha kufunga.

"Nyabo, mbona unalia na umechukua ile mzuri?"

Nikamhesabia pesa zake. Kule Butembo sijawahi kufika hata siku moja, lakini kulikuwa na mji wangu pia, wa baridi na viazi na kabichi, niliopewa na mama mmoja bure nikiwa mtoto, nao sasa hauna mtu wa kuusimulia kama mahali anapokwenda. Tangu siku ile ya lori la baba nilitamani rafiki yangu abaki Bwera. Sikuwahi kutamani abaki kwa kukosa pa kurudi.