Mdunguaji Ndani ya Majani Chai

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na watu wa aina yangu hawafai kuwa wadunguaji. Mdunguaji hujificha peke yake mbali na kikosi, hunyamaza, humngoja adui ajilete mwenyewe, kisha hupiga mara moja. Wenzangu walinipa kazi hiyo kwa sababu nina macho mazuri na kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kubeba ile bunduki ndefu. Mama aliposikia alicheka mpaka akashika nyonga yake mbovu. Alisema mtu ambaye hawezi kungoja chai ipoe atamngojaje binadamu.

Bunduki zenyewe zilikuwa za kuchezea, za kurusha punje nyeupe za plastiki. Fundi wa kuchomelea vyuma wa hapa kwetu Kimulot ndiye aliyezileta, na kabla hatujazigusa alizipeleka kwa naibu wa chifu. Naibu alipiga ndoo kuukuu kwa bunduki mojawapo, akaangalia kama imetoboka, akaamuru midomo ya bunduki ipakwe rangi ya machungwa na tusionekane nazo barabarani. Basi Jumamosi alasiri tukawa tunacheza nyuma ya boma letu, kati ya miti ya blugamu na shamba letu la chai, kila mtu na miwani mikubwa ya fundi usoni. Punje haiachi rangi wala alama kwenye nguo, kwa hiyo mchezo wote unategemea neno la aliyepigwa. Ukipigwa, unainua mkono, unasema "Nimetoka," unaenda kukaa na wafu wenzako kwenye josho la zamani la ng'ombe. Anayejua kwa hakika ni wewe tu.

Ndugu yangu mkubwa alikuwa anakuja kucheza kutoka Kiptere, ambako anafundisha na amejenga, ana mke na watoto. Baba alishatutangulia. Mama alikuwa ameteleza kwenye matope ya kituo cha kupimia majani, akavunjika nyonga, na tangu hapo hakuweza kufika hata chooni bila bega la mtu. Bega lilikuwa langu. Ng'ombe hawakumvuta ndugu yangu nyumbani, chai haikumvuta, bunduki ya plastiki ikamvuta. Nilimwambia hivyo mbele ya watu naye akacheka tu, na kile kicheko kilinichoma kuliko kama angenitukana.

Nilikuwa nimepata kazi ya ufundi wa mabomba kwenye visima vya mvuke kule Naivasha, na walitaka jibu Jumatatu. Sasa kwetu, boma la wazazi hubaki kwa kijana wa mwisho. Wakubwa huoa, hukatiwa sehemu yao, huondoka. Mdogo hubaki na nyumba, na ng'ombe, na mama. Watu huniambia nina bahati, nimezaliwa na shamba mkononi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kama nalitaka.

Jumamosi hiyo nilimkuta ndugu yangu langoni akifunga kamba za viatu.

"Mwaka moja tu," nilimwambia. "Kaa na yeye mwaka moja. Hata hapa kuna shule, si uombe transfa."

"Wewe ndio mdogo. Hii boma ni yako."

"Basi chukua hiyo boma."

Alimaliza kufunga kiatu, akafunga na cha pili, polepole, kama mwalimu anayengoja darasa linyamaze. "Sikiza. Leo ukinipata, nahamia hapa. Nikikupata mimi, hii maneno tunafunga. Usinipigie tena simu juu yake."

"Uko serious?"

"Lini nimewahi kudanganya kwa game?"

Hilo lilikuwa kweli. Kwenye mambo ya nyumbani alikuwa mkwepaji hodari, leo mtoto anaumwa, kesho kuna mkutano wa wazazi, lakini kwenye mchezo akipigwa alikuwa wa kwanza kuinua mkono, hata punje ikimgusa kwenye soli ya kiatu. Najua ni upuuzi kuamua nani amshike mama mkono kwa kurushiana plastiki. Ila tulikuwa tumejaribu kuongea, na kila mara tuliishia kupiga kelele mpaka Mama akatuambia tuondoke wote, atabaki na ng'ombe. Nikakubali.

Niliingia ndani ya chai mapema, kabla filimbi haijalia. Chai iliyotunzwa huwa imekatwa sawa juu, kimo cha kiuno, na huo usawa ndio tunaouita meza. Nilipiga magoti kati ya mistari miwili, kitambaa cha kijani kichwani, mdomo wa bunduki umechungulia kwenye tawi. Kutoka pale niliiona njia yote inayoshuka kutoka kwenye blugamu. Katikati ya shamba palikuwa na mti mmoja wa grivelia, na huo ulikuwa mpaka wangu. Bunduki ndefu ina nguvu, kwa hiyo ilikuwa na sheria yake: mtu akishaupita ule mti akija kwangu, siruhusiwi kumpiga, asije akaumia. Yeye na bunduki yake fupi angenimaliza anavyotaka. Ilinibidi nimpige kabla ya mti au nisimpige kabisa.

Filimbi ililia. Nikasikia vishindo huko kwenye blugamu, mtu mmoja akasema "Nimetoka," baadaye mwingine, kisha kimya. Magoti yakaanza kulowa. Mdudu alitembea shingoni mwangu nikamwacha atembee. Nilikuwa naogopa, sitaki kuficha, tena si kuogopa kwa mchezo. Niliogopa vile vile nilivyoogopa siku nilipomkuta Mama kwenye matope.

Kisha mbingu ya upande wa msitu wa Mau ikaanza kuwa nyeusi. Sisi watu wa chai tunalijua wingu hilo. Si jeusi tu, lina ukijani fulani tumboni, na upepo wake unakuja na baridi ya ghafla. Ni mvua ya mawe. Wiki hiyo nilikosa wachumaji, mimi mwenyewe nilikuwa nashinda hospitali na Mama, na meza yote mbele yangu ilikuwa imejaa majani mapya, mororo, ya rangi ile ya kupendeza. Mawe yakishuka yangeyachana yote. Nilikasirika. Niliikasirikia mvua, nikamkasirikia ndugu yangu, nikaikasirikia chai kwa kukomaa wiki ambayo mimi nilitaka kuiacha.

Jicho langu lilikuwa kwenye njia na kidole cha kulia kwenye kifyatulio. Mkono wa kushoto sikuwa na habari nao.

Ndugu yangu akatokea. Alitoka kwenye blugamu akiwa ameinama, kofia ya jaketi lake ikining'inia mgongoni ili masikio yasikie vizuri. Akasimama, akaliangalia shamba zima kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Alikuwa mbali, zaidi ya uwezo wa bunduki yangu. Nikangoja. Akaanza kuteremka mstari wa mbali, ule usioelekea kwangu, nikahisi jasho linanitoka na baridi yote ile. Halafu akasimama tena. Akageuza kichwa polepole upande wangu, akacheka.

"Nani huchuma majani kwa vita?" akaita.

Nikatazama chini. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umejaa. Majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi, kama alivyonifundisha Mama kabla sijaanza shule. Mifuko ya jaketi ilikuwa imefura. Mbele ya uso wangu, kwenye ile meza ya kijani kibichi, palikuwa na kiraka cheusi kilichochumwa safi, upana wa sinia. Mtu wa mjini angepita bila kuona kitu. Mtoto wa chai angekiona akiwa ng'ambo ya mto.

Nilijichukia kiasi cha kutaka kusimama na kuitupa bunduki. Sikusimama. Yeye sasa alikuja moja kwa moja, bunduki fupi imeinuliwa, akijikinga nyuma ya grivelia. Shina likamfunika. Kila hatua yake ilimsogeza kwenye mpaka wangu, na mimi sikuona kitu ila kiwiko, kisha bega, kisha shina tena. Tone la kwanza likanipiga mkononi, zito. Nilimwona Mama ameshika ukuta akijivuta peke yake kwenda chooni, niliona bomba la Naivasha ambalo sijawahi kuliona, na katikati ya hayo ndugu yangu akatoa kichwa na mabega pembeni mwa shina ili anilenge.

Mguu wake ulikuwa bado haujavuka mti. Nikavuta.

Na mbingu ikafunguka papo hapo. Mawe yalishuka yote pamoja, yakapiga majani, yakapiga migongo yetu. Niliona mkono wake ukiruka hadi kwenye kola kisha akatazama juu. Nikasimama katikati ya ile kelele.

"Nimekupata."

"Hiyo ilikuwa mawe."

"Ilikuwa mimi. Sema umetoka."

"Ni mawe, wewe. Huoni?"

Aliyejua kwa hakika ni yeye tu, na nilipomtazama usoni niliona hata yeye hajui, au hataki kujua. Wenzetu walishatawanyika kukimbilia makwao. Tulikimbia nyumbani tukiwa tumejifunika vichwa kwa mikono, na pande zote chai yetu ilikuwa inageuka matambara. Niliapa moyoni kwamba sitamsemesha tena.

Mama alikuwa jikoni, kwenye kiti chake kifupi karibu na moto, mguu mbovu ameunyoosha. Ndugu yangu alivua jaketi akalitundika kwenye msumari juu ya kuni. Mimi nilipovua langu, majani yakamwagika sakafuni.

Mama akayatazama. "Umechuma?"

"Kidogo."

"Si vibaya. Hayo mengine yamekwisha," akasema, akaanza kuyaokota kwa ncha ya fimbo yake, kuyavutia kwake.

Mabati yalikuwa yanapiga kelele kiasi kwamba hata kama ningetaka kutukana nisingesikika. Kisha mvua ikapungua, na maji ya jaketi la ndugu yangu yakawa yanamdondokea Mama begani. Akainua mkono, akaivuta ile kofia, akaikung'uta kwenye kiganja chake. Yalitoka mawe madogo yaliyobaki, yakayeyuka kati ya vidole vyake. Moja halikuyeyuka. Akaliminya kwa kidole gumba na cha shahada, vile anavyoyapima mahindi kama yamekauka. Akalisogeza kwenye mwanga wa moto.

"Weri," akamwita ndugu yangu, jinsi anavyotuita sote wawili, kijana. "Hii jiwe yako mbona ni kavu?"

Akamwekea mkononi. Ilikuwa ile punje nyeupe. Mama hakujua tulikuwa tumewekeana nini, na mimi sikufungua mdomo, kwa mara ya kwanza labda maishani mwangu. Ndugu yangu angeweza kusema ni yake, imeanguka kutoka mfukoni. Angeweza kuitupa motoni. Aliishika akiiangalia muda mrefu. Kisha akaifunga ngumi.

"Nimetoka," akasema. Alisema kwa sauti ndogo, kwangu mimi.

"Unatoka uende wapi na mvua?" Mama akamuuliza.

Ndugu yangu alinigeukia. Aliniangalia, macho mekundu kwa moshi au kwa kitu kingine. "Ile ndoo ya kukamulia inakaa wapi siku hizi?"

Nilikuwa nimengoja neno kama hilo miezi yote ile. Nilidhani likija nitaruka. Badala yake nilihisi kitu kinaniuma, wivu wa ajabu, kana kwamba mtu ameomba nimvulie shati. Nikatoa ndoo chini ya meza, nikaiosha kwa maji ya moto, nikampa.

Ng'ombe wetu hampi mgeni maziwa. Humpiga teke, au hubana tu. Kwa hiyo nilienda zizini pamoja naye, tukikanyaga mawe yaliyobaki kwenye nyasi, nikasimama kwenye kichwa cha ng'ombe nikimkuna chini ya sikio na kumwongelesha ili anisikie mimi na asishtuke. Ndugu yangu akachuchumaa. Ng'ombe akageuza shingo kumwangalia, kisha akaniangalia mimi.

"Anza na mikono," nilimwambia. "Zipashe joto kwanza. Hapendi baridi."

Akaisugua mikono yake, akaipulizia, akaisugua tena. Niliendelea kumwongelesha ng'ombe mpaka nikasikia maziwa ya kwanza yakigonga ndoo.