Kijiko cha Masumbuko

Huko Butembo, alikouza unga na maharage kwa miaka kumi na minne, Kavugho alikuwa na sifa moja ambayo wateja hawakuipenda: kopo lake lilikatwa bapa. Akishalijaza hupitisha kijiti juu ya mdomo wa kopo, na unga uliozidi ukarudi guniani. Wenzake walijaza mpaka kilima kikasimama, kisha wakatupia kiganja cha matabishi, ile nyongeza ya bure ya kumfurahisha mteja. Ila aliyelijua soko alijua pia kwamba chini ya vile vilima, makopo yalikuwa yamebonyezwa matako kwa ndani, yabebe kidogo. La Kavugho lilikuwa zima. Wateja walimtukana, wakaenda, wakarudi.

Mkono huo mgumu alihama nao. Huko Louisville, Marekani, kwenye ghala la kufungashia mizigo, mzee mmoja wa zamu yake alimwona akipima gundi bila kumwaga hata tone, akamkaribisha nyumbani kwake kujifunza kushindilia risasi za bastola, yaani kuyajaza baruti upya maganda yaliyokwisha pigwa. Mzee hakuwa na maneno mengi. Anza chini ya kipimo cha baruti kilicho kitabuni, panda kidogo kidogo, kila hatua piga chache, kisha angalia maganda yake. Ganda hulalamika kabla bastola haijapasuka. Kavugho alielewa siku hiyo hiyo. Leo ana nyumba ya mbao West Side ya Buffalo, ana duka la vitenge na sambaza kavu, wale dagaa wa ziwani, ana kibali cha bastola alichokihangaikia mwaka mzima, na Jumamosi huenda kulenga shabaha kwenye klabu moja kupita Kenmore, kwa risasi alizozishindilia mwenyewe.

Mwezi wa tano alishuka Columbus kwa mdogo wake Chimène, kulikokuwa na ubatizo. Chimène alikuwa amepata kazi ya ulinzi, na Jumatatu angefanya mtihani wa kulenga. Mumewe, Masumbuko, hakutaka mkewe apige risasi za dukani. Alimtengenezea mia na hamsini kwa mikono yake, chini kwenye besimenti.

"Karibu kwa kiwanda, yaya," Masumbuko akasema mchana wa Jumamosi, akiwasha taa; alimwita dada mkubwa, kama mkewe alivyomwita.

Kavugho alisimama penye ngazi ya mwisho. Mezani kulikuwa na makombo ya mandazi, mizani yenye vumbi, na chupa ya mayonezi iliyojaa baruti.

"Hii ni baruti gani?"

"Iko baruti tu."

"Ina jina gani?"

"Bon, zilikuwa mbili zenye kubakia. Nikachanga pamoja. Unga na unga, yaya."

Kavugho aliitazama chupa kama mtu aliyefunua sufuria akakuta mende. Kila baruti ina kipimo chake kitabuni; mchanganyiko hauna. Ila alitaka kwanza kuona mkono ukipima.

Masumbuko akachota kwa kijiko cha kupimia, kidogo kuliko kifuniko cha soda. Hakukikata bapa. Kilima kilisimama, akakigonga kwa kidole kikae, akamimina ndani ya ganda. Kisha, kwa ncha za vidole, akaongeza punje chache.

"Na hizo?"

"Matabishi," akasema, akitabasamu. "Ni ya bibi yangu, donc nimupimie kama bahili?"

"Lete maganda uliyokwisha piga."

Akaleta kumi. Kavugho aliyageuzia dirishani moja moja. Kile kidonge cha kuwashia kilicho kitakoni, kinachotakiwa kubaki na kingo za mviringo, kilikuwa kimelala kama kimepigwa pasi. Maganda mawili yalikuwa yamevimba kiunoni.

"Zililia muzuri sana," Masumbuko akasema. "Hata jirani alitoka inje."

"Jirani ana akili."

Chimène akashuka ngazi, mikono ina unga wa mandazi. "Yaya, uko hapa saa mbili tu, tayari unamugombeza bwana yangu?"

"Simgombezi. Tunafanya biashara." Kavugho akavuta kiti. "Masumbuko, chagua risasi kumi wewe mwenyewe. Tutazifungua, tutapima. Nakusamehe ule mchanganyiko. Katika zile baruti mbili, shika ile ambayo kitabu kinairuhusu kipimo kikubwa. Zote kumi zikikaa ndani ya kipimo hicho, kesho nasimama kanisani mbele ya watu wote naomba msamaha. Moja ikivuka, tunafungua zote leo."

Masumbuko alipenda kanisa lililojaa. "Imekubaliwa," akasema.

Nyundo ya plastiki ya kufungulia risasi ilikuwa bado ndani ya nailoni yake. Kavugho aliichana kwa meno. Akatafuta kipimo kwenye kitabu cha Masumbuko, akafuta mizani, akaisawazisha, akapachika risasi ya kwanza kwenye nyundo na kuigonga sakafuni mpaka ikaachia baruti yake. Ilivuka. Ya pili ikavuka zaidi. Ya tatu ilikuwa chini kabisa.

"Hata kuzidisha hujui kuzidisha sawasawa," akasema.

Zilipofika kumi, saba zilikuwa zimevuka, na kati yake risasi ya nane ilikaribia maradufu ya ile ya tatu. Chimène alikuwa amekaa ngazini, unga umemkaukia mikononi.

"Hiyo ya nane ingefanya nini?"

"Bastola ingekupasukia mkononi. Vidole. Pengine jicho."

"Mungu hangeruhusu," Masumbuko akasema polepole.

"Mungu hakuweka mkono kwenye hiyo chupa. Ni wewe."

"Nilitaka apite, yaya. Nilimuwekea nguvu."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililomchukiza Kavugho kuliko makombo na vumbi. Mwizi ungemfukuza. Huyu alikuwa anampenda mkewe, na kwa upendo huo huo angemtoa jicho, kisha alie kuliko wote hospitalini.

Chimène akanawa, akaja, akaichukua nyundo mkononi mwa dada yake. "Leta viti," akamwambia mumewe, bila kumwangalia.

Walifungua zilizobaki zote, mia na arobaini, mpaka jua likahamia dirisha la pili. Masumbuko alitenga maganda. Mara moja aliuliza kama baruti yenyewe ingeweza kuhifadhiwa. Kavugho aliipeleka nyuma ya nyumba, akaitawanya nyembamba kwenye majani, akailowesha kwa maji.

Jumatatu Chimène alikwenda na boksi la risasi za dukani, halijafunguliwa. Jioni akapiga simu Buffalo: amepita, akizidi kiwango kwa alama tatu tu. Nyuma yake Masumbuko akaomba simu.

"Yaya, nifundishe. Polepole, tangu mwanzo."

"Hapana," Kavugho akasema. "Meza ya baruti mpe Chimène, nitamfundisha yeye. Wewe pika."