Kichaka cha Mikunazi Nyuma ya Nyumba ya Bibi

Mwezi uliopita tulimzika mama mkubwa, kule kwa marehemu bibi, Bunju. Asubuhi ile mwoshaji aliniita mlangoni: "Mwanangu, kachume majani ya mkunazi, tuchanganye na maji ya kumwoshea." Nikazunguka nyuma bila hata kufikiri, kama nilivyozunguka maisha yangu yote. Nikakuta ukuta. Ukuta mpya wa tofali, na ndani yake zege tupu, gari la kaka yangu limeegeshwa katikati.

Nilisimama na beseni mkononi, hasira zimenipanda. Majani ya kumwoshea mama mkubwa tulikwenda kuyaomba mtaa wa pili.

Ungekiona kile kichaka zamani, ungesema ni shamba la mvivu. Mikunazi imesongamana, matawi yameinama mpaka chini, miiba miwili miwili, mmoja umenyooka, mwenzake umepinda kama ndoana. Ukiingia na gauni unatoka na matambara. Lakini kiangazi kikikausha kila kitu, pale palikuwa kijani. Ikichanua, nyuki tuliwasikia tukiwa jikoni. Kunazi zikiiva, ndege waligombana juu, sie tukaokota chini zile za kahawia zilizonywea, tamu kwa uchachu, kokwa unaibana shavuni mpaka madrasa. Zingine waliziwahi ngedere.

"Msizikombe zote," bibi alikuwa akisema. "Kila mwenye mdomo ana fungu lake."

Siku moja tunafagia uwanja, mwewe akamshukia kwale na vifaranga vyake. Vifaranga vikajitosa chini ya miiba. Mwewe naye akajitosa. Akanasa bawa, akapapatika weee, akaondoka kaacha manyoya matawini. Mie na kaka tulirukaruka kama timu yetu imefunga goli. Bibi akaegemea ufagio. "Mnaona? Kwenu nyie mwiba. Kwao mlango wenye komeo."

Jirani aliwahi kuja na panga, mwanawe kachomwa mguu. Bibi akatandika mkeka mbele ya kichaka, akaketi. "Mguu utapona kabla ya Ijumaa. Mkunazi ukiukata, utauponyaje?" Jirani akarudi na panga lake.

Kaka, aliyeachiwa nyumba, hakupata wa kumzuia.

"Sista, ile ilikuwa miiba tu," aliniambia baada ya maziko. "Inaficha nyoka. Tena imenitobolea tairi."

"Na kunazi? Na kwale? Na ndege wote wale?"

"Si wataenda kwingine."

"Kwingine wapi, kaka? Nionyeshe kwa kidole."

Hakuna kwingine. Kutoka kwetu mpaka Barabara ya Bagamoyo ni ukuta, geti, ukuta. Ubwabwa wa msiba ulinishinda siku ile, na mpaka leo hasira haijanitoka, wala sitaki kuambiwa eti ndiyo maendeleo. Jioni ndege walikuja kweli. Wakatua juu ya vipande vya chupa vilivyochomekwa ukutani, wakaangaza huku na huku, wakaondoka kimya.

Tulipokuwa tunabishana, binti mdogo wa kaka alikuwa anatusikiliza. "Shangazi, kwani kunazi ndiyo nini?"

Nikamwachia baba yake ajibu. Yeye ndiye aliyekuwa akinibeba mabegani nifikie tawi la juu. Yeye ndiye aliyenitoa mwiba kisiginoni kwa meno yake, akinibembeleza nisilie. Alikohoa, akatoa funguo za gari mfukoni, akasema anakwenda kuwaletea wageni maji.