Jasi Chini ya Mbegu

Mama yangu alikuwa na sheria moja shambani ambayo hata mchungaji wa kanisa letu aliifuata: karanga zikishatoa maua, haingii mtu. Hupalilii, hukati njia ya mkato kwenda kisimani, hufuati hata kuku wako. Kuku akithubutu kuparua humo, jioni tulimla. Wanawake wengi wa umri wake huku Kumsenga walikuwa na sheria hiyo, lakini yeye alizidi. Alisema ile sindano inayotoka kwenye ua na kushuka udongoni kutengeneza ganda ni karanga inayojifungua, na chumba cha mzazi hakiingiliwi ovyo.

Niseme haki yake, sheria ile ilikuwa na akili. Ukipiga jembe wakati ule unakata sindano, na sindano iliyokatwa haizai tena. Mama hakupanda kwa mistari. Alitawanya mbegu zake karibu karibu kama alivyofundishwa, na mimea ilipokua iliziba ardhi yote, hapakuwa na pa kuweka hata kisigino. Kwa hiyo hakuingia mtu, na kwa miaka mingi karanga zilijaa.

Mbegu yenyewe ilikuwa ya karanga kubwa, nene, yenye ngozi ya waridi iliyopauka. Alipewa na mama yake siku alipotoka kwao Kitahana kuja kuolewa, ndani ya kapu dogo la ukindu lenye mfuniko. Kwao ndivyo walivyofanya: binti haendi kwa mume mikono mitupu, anakwenda na karanga za mama yake, azipande mwenyewe, zisife. Na mimi nilipewa. Nilikwenda nazo Kasulu, nikazipanda misimu kadhaa, kisha ndoa ikavunjika na nikaondoka na mtoto mgongoni. Mbegu ilibaki kwa wakwe zangu nao wakaikaanga. Nikiwaza watu wale wanatafuna karanga za bibi yangu huku wakinisema, bado napandwa na hasira mpaka leo.

Basi mbegu ilibaki kwa Mama peke yake. Na posa ya binti yangu ilipoletwa, na yeye akawa anakwenda kuolewa Kasulu, Mama hakuuliza habari za ng'ombe wala za shuka. Aliniambia, "Huyu nitampa mimi mwenyewe. Wewe zako uliziacha."

Ndivyo alivyokuwa kwa maneno.

Shida ni kwamba shamba lilikuwa limekwisha kuchoka, na sote tulijua isipokuwa yeye. Udongo wetu ni mwekundu, mvua inaupiga miezi mingi na kuondoka na utamu wake. Kila mwaka maganda matupu yaliongezeka. Ganda unaliona zima, zuri, unalibonyeza kwa kidole gumba, linabonyea, ndani hakuna kitu. Mama alilaumu mvua, alilaumu panya, mwaka mmoja alilaumu jirani. Mimi nilinunua mbolea ya mahindi na kumwekea. Majani yakawa ya kijani kibichi, yamefumuka, wapita njia wakasimama kutupongeza. Chini hali ikawa mbaya zaidi.

Bwana shamba wa kata alikuwa kijana kutoka Mbeya, mpole, mwenye pikipiki iliyokohoa kuliko wagonjwa wa hospitali. Nilimwita mwenyewe. Alimwamkia Mama, akang'oa shina moja, akapasua karanga chache zilizokuwa na kitu ndani. Moja ilikuwa na shimo la rangi ya kahawia katikati, mahali nusu zake mbili zinapokutana.

"Hapa imekosa boroni, Bibi," alisema. "Ila hiyo ni kidogo. Shida kubwa ni kalsiamu. Na salfa pia. Hivi tunaviita virutubisho vya daraja la pili."

"Kama treni?" Mama akauliza.

"Kama treni, Bibi."

"Sisi tumezoea la tatu."

Kijana alicheka, mimi pia nilicheka. Ilikuwa siku nzuri. Akatueleza kwamba kuna unga mweupe wa jasi, wenye kalsiamu na salfa, unauzwa maduka ya pembejeo Kasulu, na kwamba karanga kubwa kama zile za Mama zinaudai kuliko karanga ndogo. Halafu akasema jambo lililotuharibia kila kitu. Alisema karanga haifanani na mahindi. Mzizi ukinywa kalsiamu unaipeleka juu kwenye majani, na ikishafika kwenye majani hairudi chini. Ganda halipati chochote kutoka kwa mama yake. Linajilisha lenyewe, kwa ngozi yake, kutoka kwenye udongo uliolizunguka. Kwa hiyo jasi linawekwa juu juu, pale sindano zinapoingia.

"Lini?" Mama akauliza.

"Zikianza kutoa maua, Bibi. Unaingia taratibu, unanyunyiza."

Mama alimtazama kama aliyemwomba avue nguo. Alimpa ndizi za kuchoma, akamsindikiza hadi barabarani kwa heshima zote, akarudi.

Nilinunua jasi. Nililileta kwenye basi kutoka Kasulu, mfuko ukinipaka weupe sketi nzima, na kondakta akinitania kwamba nimetoka kusaga mahindi bila kukung'uta. Nilipofika Mama alikuwa ameshapata jibu lake.

"Tutaliweka kwenye mashimo," alisema. "Siku ya kupanda. Jasi chini, mbegu juu. Mzizi utashuka utalikuta."

"Mama, si amesema mzizi haulipeleki kwenye ganda?"

"Amesema. Yeye amezaa mara ngapi?"

"Mama, hii habari ya kuzaa iache!"

"Kwa hiyo mimi niingie nikanyage watoto wa watu wanazaliwa, nimwage unga juu yao?"

Tuligombana vibaya. Nilimwambia mambo ya ukali, kwamba anamnyima mjukuu wake kwa ajili ya kichwa chake kigumu, naye akaniambia nilikuwa wapi na akili zote hizo nilipoacha kapu Kasulu. Hakuna anayejua kuniumiza kama mama yangu, na hakuna niliyempenda kama yeye. Shamba lilikuwa lake. Asubuhi yake aliinama akachimba, akaweka jasi, akafukia kidogo, akaweka mbegu, safari hii moja moja kwa uangalifu kama anayelaza watoto. Mimi nilichimba upande mwingine, nikafanya hivyohivyo, kwa sababu mtu atafanyaje?

Zilipochanua, alifunga ukamba wa mgomba mwanzoni mwa shamba kama kawaida, ishara kwamba haingii mtu. Nilipita pale kila siku na kuyaona maua yale ya njano, madogo, yakiwa yameenea, na kwenye kona ya nyumba mfuko wa jasi uliobaki. Nilikuwa na mikono, nilikuwa na mfuko. Sikuingia. Sikuwahi kuivunja sheria ile tangu nijifunze kutembea, na hata sasa sijui kama ningeweza.

Siku ya kuvuna tulikuwa watatu, Mama, mimi na binti yangu. Shina la kwanza lilitoka limejaa maganda mpaka binti akapiga kelele ya furaha. Mama alichukua ganda moja akalibonyeza. Likabonyea. Akachukua lingine. Alianza polepole, kisha akaongeza haraka, anabonyeza na kutupa, anabonyeza na kutupa. Binti yangu alinitazama nami nikamwashiria aendelee kung'oa.

Siku iliyofuata tulikaa barazani kuchambua. Katika shamba zima zilipatikana karanga zilizojaa sinia moja tu, na hata sinia lenyewe halikufurika. Mama alikataza zisiliwe, ndizo zingekuwa mbegu. Alizifunga kwenye kitambaa, akazitundika juu ya jiko moshi uzipate. Harusi ilikuwa bado, mchumba alikuwa anaezeka nyumba Kasulu, kwa hiyo tulikuwa na msimu mmoja mbele yetu. Mtu aliyekuwa na matumaini angesema ulitosha.

Kabla ya mvua mguu wa Mama ulivimba. Hospitali ya Kibondo walimpa dawa wakamwambia apunguze kutembea, na yeye ambaye hajawahi kupunguza chochote akawa wa kukaa. Jasi lililobaki lilikuwa limeshika unyevu na kuganda kama jiwe. Aliufanya mfuko ule kiti cha mguu wake.

Jioni moja, nikiwa namchua, alisema bila kunitazama, "Mwaka huu panda kwa mistari."

Nikaacha kuchua.

"Acha nafasi ya kupita. Nunua jasi jipya. Zikichanua utaingia wewe, uvue viatu, uniwekee hilo jasi lao."

"Mama..."

"Umesikia. Usinifanye niseme mara mbili."

Nilitoka nje nikalia. Nililia kwa furaha, na pia kwa kumwonea huruma, kwa sababu nilijua maneno yale yamemtoka wapi. Nilikwenda Kasulu tena, nikanunua jasi, nikamwomba bwana shamba aje kunionyesha umbali wa mistari. Binti yangu alivuta kamba, mimi nikapanda. Mama aliletewa kiti mlangoni akawa anatusimamia kwa fimbo, mistari ikipinda anapiga kelele. Sijawahi kupanda vizuri kama mwaka ule.

Mvua zilikuja kwa wakati. Mahindi ya jirani yakatoka, maharage yakatoka. Kwetu udongo ulibaki kimya. Hapa na pale pakachomoza mche mmoja, mwembamba, majani yamepauka, ukisimama peke yake katikati ya mstari ulionyooka. Mama aliuliza kila asubuhi, "Zimetoka?" Nikamjibu, "Bado, Mama, baridi." Kwenye nyanda zetu baridi ni kisingizio kinachokubalika.

Mwishowe nilifukua. Karanga zilikuwa palepale nilipoziweka. Hazikuliwa na mchwa, hazikuoza. Kwa nje zilikuwa nono. Bwana shamba alipokuja alizipasua kwenye kiganja, akanionyesha ile ncha ndogo inayotakiwa kuwa mche. Ilikuwa nyeusi.

"Zilikosa kalsiamu zikiwa ndani ya ganda," alisema. "Mbegu inajaa, unaiona nzima, lakini chipukizi lake linakufa humo humo."

"Nikiweka jasi sasa?"

"Utaweka juu ya nini, dada?"

Alisema kwa upole, na alionekana anaona aibu kana kwamba ni yeye aliyeua. Nilimshukuru. Nilikwenda kukaa nyuma ya choo mahali ambapo Mama hawezi kuniona, nikiwa na zile karanga kwenye kanga.

Kumwambia hakukuwa na namna. Nilimwekea karanga zilizopasuliwa mapajani. Macho yake hayakuwa mazuri tena, akazisogeza karibu na uso, akaigusa ile ncha nyeusi kwa ukucha, moja baada ya nyingine. Hakuuliza kosa lilitokea wapi. Alikuwa mtu wa akili, alijua. Alisema tu, "Ego," yaani ndiyo, kwa Kiha, kama mtu aliyeitwa jina na kuitikia. Miche ile michache ilichanua. Niliingia bila viatu kama alivyoagiza, nikainyunyizia jasi, lakini ilikuwa dhaifu mno, ikanyauka kabla sindano hazijafika ardhini.

Wiki ya kumuaga binti yangu ilipofika, Mama aliniita chumbani akafunga mlango.

"Nenda sokoni Kibondo," alisema. "Tafuta zinazofanana. Mjukuu wangu mwambie kuna kiasi nilikuwa nimeficha."

Nilizunguka soko lile asubuhi nzima. Wauzaji walidhani nina wazimu, nainamia kila gunia, napima karanga kwa vidole, naondoka. Mwishowe nilizipata kwa mfanyabiashara mmoja, Mwislamu mwenye asili ya pwani, aliyesema zimetoka mbali, hata hakumbuki ni wapi. Rangi yake ilikaribia, ukubwa wake haukufika. Nilipozileta Mama alitia mkono kwenye kapu lake la ukindu, akazizungusha, muda mrefu. Vidole vyake vilikuwa vimezijua zile nyingine maisha yote. Kisha akafunika kapu.

Kwenye sherehe tulimbeba na kiti chake hadi mbele. Binti yangu alipiga magoti. Mama alimkabidhi kapu kwa mikono miwili na kusema kwa sauti, watu wote wasikie, "Hizi nilipewa na mama yangu. Usiziache zife." Wanawake wakapiga vigelegele, bibi harusi akalia, na mimi nikapiga vigelegele pamoja nao, nikitazama chini.

Mvua za kwanza baada ya harusi binti yangu alipiga simu kutoka Kasulu. Alikuwa na furaha isiyo kifani, akataka aongee na bibi yake, nami nikaweka simu sikioni mwa Mama. Nilimsikia akisema zimeota zote, kila shimo, mpaka mama mkwe wake ameomba mbegu.

"Umefanya vizuri, mwanangu," Mama alimwambia. "Hiyo ndiyo mbegu yetu."

Akanirudishia simu, akaniomba nimgeuze aelekee ukutani.