Mgongo wa Kavindu

Ukifika Kalamba uulize nyumbani kwa Kavindu, utaonyeshwa kilima kilichokatwa matuta kutoka chini hadi kileleni. Matuta hayo aliyachimba yeye pamoja na kina mama wa mwethya, lile kundi la kusaidiana kazi, enzi za uhai wa mumewe, Mulinge. Leo yamejaa mbaazi na maembe. Kavindu mwenyewe amepita miaka sitini. Si mrefu, ana shingo nene, na akitembea huinama mbele kidogo kama mtu anayepambana na upepo. Tangu Mulinge afariki, watoto amewalea peke yake, na kitinda mimba wao ni Kanini.

Huyo Kanini alijaliwa kichwa chepesi. Alipata nafasi ya kusomea kilimo cha nchi kavu katika kisiwa cha Krete, huko Ugiriki, na kanisa zima likamwombea siku ya kuondoka. Mwaka wake wa pili huko alimpigia mamake simu ya video.

“Mwaitu,” akasema, kama Wakamba wanavyomwita mama, “kuna mtu anataka kuja nyumbani kuwaona.”

Kavindu alielewa. Mtu haji nyumbani kuona watu bure. Kijana mwenyewe aliitwa Manoli, mkulima wa zeituni kutoka kijiji kidogo cha pwani. Jioni ile Kanini alituma picha za huko: bahari, nyumba nyeupe chache, na juu yao jabali refu la rangi ya asali, limetobolewa mapango kila mahali.

Mulei, shemeji yake Kavindu, aliitazama simu akacheka hadi akajishika mbavu.

“Mama Kanini, hawa watu wanaishi kwa mapango kama fisi! Msichana amesoma hivyo, halafu aende kuolewa kwa shimo?”

Waliokuwepo wakacheka pia. Kavindu hakucheka. Usiku huo hakupata usingizi, na kulipokucha alikuwa ameshaamua.

“Nitaenda nikaone mwenyewe,” alimwambia Mulei. “Hata mbuzi hanunuliwi kwa picha.”

Basi akaenda. Kanini na Manoli walimtumia tiketi, na mwezi wa nne akashuka kwenye ndege amevaa sweta mbili, leso zake ziko mkobani. Kijijini alipokelewa na mamake Manoli kwa mikono miwili. Mezani kulikuwa na jibini ya mbuzi na mboga za porini zilizochemshwa. Kavindu alitazama nje ya dirisha, akaona mbuzi wakirukaruka kwenye miamba, na moyo wake ukatulia kidogo. Watu wenye mbuzi, alijiambia, wanaongeleka.

Aliyemtia wasiwasi ni nyanya yake Manoli. Aliitwa Kaliopi, ajuza mwembamba aliyevaa nguo nyeusi, akikaa kwenye kiti karibu na mlango na fimbo yake magotini. Hakutabasamu. Alimkagua mgeni kutoka kichwani hadi viatuni, kisha akauliza swali moja tu, naye Kanini akalitafsiri, akimwita Susu, yaani nyanya kwa Kikamba.

“Susu anauliza, huko kwetu wazee mnawaweka wapi?”

“Mwambie tunawaweka karibu na moto,” alijibu Kavindu, “na wao ndio wanaonja chakula kwanza.”

Kaliopi alitikisa kichwa kukubali.

Siku iliyofuata Manoli alimpeleka Kavindu chini ya jabali. Alimweleza, Kanini akitafsiri, kwamba mapango yale yalichongwa na watu wa kale sana waliozika wafu wao humo. Baadaye walio hai wakahamia. Na wakati wa vita vikuu vya pili, ndege zilipoanza kuangusha mabomu, kijiji kizima kilikimbilia humo na watoto na mbuzi.

“Susu alizaliwa pale juu,” Kanini akasema akionyesha tundu moja katika safu ya tatu. “Mamake alifariki siku hiyohiyo alipomzaa. Kila mwaka wanapanda kumwashia taa. Kesho ndiyo siku.”

“Na Susu hupanda?”

Kanini alimwuliza Manoli, na kijana akainamisha uso. Miguu ya nyanya ilikuwa imekataa miaka kadhaa iliyopita. Ngazi za jabali ni nyembamba, mtu mmoja ndiye anayeenea. Wanaume wawili walijaribu kumpandisha na kiti, kiti kikakwaruza mwamba, kidogo wamwangushe baharini. Tangu siku hiyo aliapa kwamba hatabebwa tena kama fanicha.

Kavindu alizitazama zile ngazi. Akaweka mguu kwenye ya kwanza, akaipima, akapanda chache, akashuka.

“Mimi nitambeba,” akasema.

“Mwaitu, hapana! Na magoti yako?”

“Babako alipougua, nilimbeba kutoka nyumbani hadi barabarani, na unajua alivyokuwa na mifupa. Huyu ni mzigo wa majani ya ng'ombe.”

Manoli aliposikia alishtuka. Mgeni hafanyizwi kazi, alisema, sembuse mama mkwe. Walibishana njia nzima hadi mlangoni, na Kaliopi akagonga fimbo yake chini akitaka kujua kelele ni za nini. Alipoelezwa, aliegemea fimbo yake. Kisha akainuka polepole, akamgeuza Kavindu, na kuanza kumbonyeza mabega na kiuno kwa vidole vyake vikavu. Akatamka neno, na Kanini akaangua kicheko.

“Anasema mgongo kama huu aliuona mara moja tu, kwa punda wake wa zamani. Mwaitu, usikasirike, alimpenda sana yule punda.”

Kavindu naye alicheka hadi machozi yakamtoka. “Mwambie asante.”

Asubuhi yake kijiji kizima kilikusanyika chini ya jabali. Kavindu alivua viatu. Alichuchumaa, Kaliopi akamlalia mgongoni, na Kanini akamfunga kwa leso mbili kama mtoto anavyofungwa, moja chini ya mapaja na nyingine kifuani. Kavindu akainuka.

Alipanda. Bega moja lilisugua mwamba, upande wa pili kulikuwa na hewa tupu na bahari. Manoli alifuata nyuma ameikunjua mikono, uso umempauka. Kaliopi alipumua karibu na sikio la Kavindu, pumzi fupi za mtu anayejizuia kuogopa. Walipopita safu ya pili, Kavindu alilazimika kupumzika. Alisimama, akaegemea ukuta, na bila kufikiri akaanza kuimba wimbo ambao kina mama wa mwethya huimba wakibeba mawe. Kanini, aliyekuwa akipanda nyuma ya Manoli, akaitikia. Kavindu akainua mguu tena.

Pangoni kulikuwa na benchi la mawe lililochongwa ukutani, na dari ilikuwa bado nyeusi kwa moshi wa zamani. Walipomfungua, Kaliopi alishika ukuta kwa viganja vyote viwili. Akawasha taa. Halafu akamwita Kavindu akae kando yake, na alipozungumza Kanini alitafsiri taratibu.

“Anasema alikuwa anaona aibu mbele yako. Manoli alimwambia una nyumba nzuri na shamba kubwa. Yeye alizaliwa ndani ya shimo.”

Kavindu alimkumbuka Mulei na kicheko chake, uso ukamwaka.

“Mwambie hivi. Kwetu mtoto akizaliwa njiani anaitwa Mwanzia, akizaliwa mvua ikinyesha anaitwa Mumbua, na anatembea na jina lake kichwa juu. Yeye amezaliwa ndani ya jiwe. Nani atamvunja?”

Kaliopi alimshika mkono, wala hakuuachia hadi wakati wa kushuka.

Walipofika chini, wazee waliokuwa wamekaa mkahawani wote walisimama. Mamake Manoli alikuja mbio na maji. Kavindu alipokuwa akivaa viatu alimsikia Kanini akiwaambia watu jambo kwa Kigiriki kwa sauti kubwa, akirudia tena na tena.

“Unawaambia nini?”

“Nawaambia wewe ni mamangu.”

Kavindu aliinama kwenye kamba za viatu muda mrefu kuliko zilivyohitaji.

Mwezi wa nane Manoli alifika Kalamba na wazazi wake kuposa. Mbuzi wa mahari walinunuliwa sokoni Matiliku, na Mulei ndiye aliyewapokea. Alikuwa ameshasimulia habari ya jabali kwenye soko zima, na kila akisimulia liliongezeka urefu. Kaliopi hakuweza kusafiri. Wakati wa chakula walimpigia simu ya video, akaonyeshwa mbuzi, wapishi na bibi harusi mtarajiwa. Akataka azungumze na Kavindu.

“Susu anauliza, mwakani utakuja?” Kanini akatafsiri.

“Mwambie nitakuja,” akasema Kavindu. “Lakini asinenepe.”