Siku Nilipolilia Jiwe la Wenyewe

Wajukuu zangu wakitaka kuninyamazisha hawana haja ya kubishana nami, husema tu, "Nyogokuru, jiwe!" na mimi, bibi mzima, nafunga mdomo na kujitafutia kazi jikoni. Lakini wao wanajua nusu tu ya mkasa, ile nusu ya kuchekesha. Leo nausema wote, aibu yake na yaliyofuata, maana walioshuhudia wanazidi kupungua na sitaki ubaki kichekesho peke yake.

Kwanza mnielewe mimi ni mtu wa namna gani. Shule nilisoma kidogo sana, huko Karagwe upande wa Tanzania, nikajua kuandika jina langu na kufuata kitabu cha nyimbo kanisani, basi. Lakini majina! Jina likiingia sikioni mwangu halitoki tena. Nitakutajia ng'ombe wa babu ambao sikuwahi kuwaona, nitakutajia kila aliyevuka mto pamoja nasi mwaka ule wa kukimbia vurugu za Rwanda na alivuka amebeba nini. Yote hayo alinipa nyanya yangu Kankindi, aliyenitoa Rwanda nikiwa mgongoni kwake, hata kusema bado sijui vizuri, akanilea yeye kwa kuwa mama yangu hakufika.

Kankindi alitoka kwake Kagarama na vitu viwili, mimi mgongoni na jiwe mkononi. Si jiwe zima la kusagia, lile kubwa la chini halibebeki, alibeba ingasire, yaani lile dogo la juu ambalo mwanamke hulishika kwa mikono miwili akisaga mtama. Watu walimcheka njia nzima (huyu kabeba blanketi, yule kabeba kuku, huyu mama kabeba jiwe!), naye akawajibu kwamba mtu hawezi kuacha mawe yote mawili, akiacha yote atasahau kurudi. Miaka yote ya Karagwe alisagia jiwe hilo juu ya jiwe la kuazima, na kila akisaga alinieleza lile kubwa lilipobaki: unapita chemchemi, unapanda kilima, nyumba inatazama kilima cha Rebero, jiwe liko uani karibu na ua wa miyenzi, ile mimea ya utomvu mweupe, limemeguka mdomo upande wa kushoto. Alipokuwa anakufa hakuomba kingine. Alinishika mkono akasema, "Hili ulirudishe kwa mwenzake, ndipo nitajua nimefika." Nikaahidi. Tangu siku hiyo nilikuwa nalala na jiwe lile chini ya kitanda, na kila aliyezaliwa kwangu alijua kwamba hilo halichezewi.

Basi, mwaka wa tisini na nne ukaja, na yaliyotokea humu nchini mnayajua, siwezi kuyaeleza kuliko walioyapitia. Ulipokuwa unaelekea mwisho sisi tuliokuwa nje tukaanza kurudi. Mimi na mwanangu Deo (mume wangu alikuwa ameshafariki) tukapata chumba mjini, Remera, na hapo ndipo kukawa na kutembeleana kusiko na mwisho, huyu katoka Bujumbura, huyu katoka Kampala, kila mmoja anaulizwa wewe ni wa nani, nani alikuzaa, na mimi nakaa katikati kama mwalimu, nawapangia watu ukoo wao. Nilivimba kichwa, nisiwadanganye. Hivyo binamu yangu Godelieve, aliyekulia Bujumbura, aliposema twende tukaone kwa nyanya, mimi nikasema Jumapili, baada ya misa, nawaongoza mimi mwenyewe.

"Mais, lakini dada," Godelieve akasema, "wewe ulitoka huko mgongoni. Si tumtafute kwanza mtu wa pale atuonyeshe?"

"Niulize njia ya kwetu?" nikamjibu. "Mgeni ndiye anayeuliza."

Hapo ndipo nilipoharibu, kwenye neno hilo dogo. Kwetu sisi tuliorudi, kuuliza njia ya nyumbani ilikuwa kama kukiri kwamba si nyumbani, na hilo hakuna aliyetaka kulikiri, mimi hata zaidi ya wengine.

Jumapili tukakodi pikapu, tukavaa mishanana yetu myeupe kama watu wa arusi, maziwa kwenye kibuyu, ingasire mapajani pangu limefungwa kwenye kanga. Tulipofika Kagarama chemchemi sikuiona, niliona bomba, nikasema ndiyo hiyo, wameijengea. Tukapanda. Nikaona nyumba inatazama Rebero, mabati yameng'olewa upande mmoja, madirisha hakuna, miyenzi imeota ovyo, kimya. Na uani, jiwe kubwa la kusagia. Limemeguka mdomo! (Kushoto au kulia, hiyo inategemea umesimama wapi, na mimi nilisimama pale paliponipa kushoto.)

Nilianguka juu ya lile jiwe. Nililia kilio ambacho sikukilia hata siku ya kumzika Kankindi, nikamwita kwa sauti, yeye na mumewe Rwabutogo na baba yake Semuhire, nikaita na ng'ombe, nikasema nyogokuru umefika, umefika, mtoto wako amekuleta. Godelieve akaanguka pembeni yangu na kilio chake cha Bujumbura. Majirani wakaanza kutokea, mmoja mmoja, wakasimama nje ya miyenzi wanatazama. Nikafungua kanga, nikaliweka ingasire juu ya kubwa lake, nikalisukuma kama anayesaga. Likatikisika. Likalia ko-ko, ko-ko, halikukaa. Hapo mtu mwenye akili angesimama. Mimi nikajisemea limeliwa na mvua miaka yote hii, na kwa kuwa nyumba ni gofu, nikaamua jiwe la nyanya halibaki peke yake gofuni, linakwenda Remera.

"Deo, muite dereva, linyanyueni."

"Mama, si tuulize kwanza?"

"Linyanyue!"

Wakalinyanyua, masikini, wanahema, shati la misa limejaa udongo, wamefika nusu ya njia kuelekea kwenye gari, ndipo mlango wa lile gofu ukafunguka.

Akatoka mwanamke wa rika langu, mwembamba, kitambaa kichwani. Alikuwemo ndani muda wote. Kumbe alipoona pikapu na watu waliovaa vizuri alijua ni walewale (siku zile watu wengi waliorudi walikuwa wanaingia nyumba wanazozikuta na kukaa), akajificha nyuma ya mlango akitusikiliza tunavyolia. Hakupiga kelele. Alisema hivi, na mpaka leo naisikia sauti yake:

"Mubyeyi, nyumba chukueni. Niachieni chumba kimoja mpaka mvua ziishe, nitaondoka. Lakini jiwe hapana. Jiwe ni la mama."

Aliniita mubyeyi, mzazi, neno la heshima, mimi niliyekuwa namwibia.

Deo na dereva wakabaki wamelishika, hawajui waliweke au wakimbie. Nikajikaza nikauliza, kwani hapa si kwa Kankindi, mke wa Rwabutogo? Mama mmoja jirani, mwenye mdomo, akadakia kutoka nje ya miyenzi: "Rwabutogo? Hao si walikuwa upande wa pili wa barabara, pale penye mihogo! Babangu alikuwa akiwataja. Yewe, huyu mama kalia msiba wa watu mpaka kamasi!" Watu wakacheka. Wengine sidhani kama walikuwa wamecheka tangu miezi ile, kicheko kiliwatoka kama kikohozi, na mimi nimepiga magoti na mshanana wangu mweupe, matope mpaka kifuani, maziwa niliyomletea Kankindi yamemwagika. Niliomba ardhi ipasuke. Godelieve aliacha kulia palepale, akaanza kupangusa uso kana kwamba hakuja na mimi.

"Nisamehe, mama," nikasema. "Nimekosea nyumba. Deo, rudisheni jiwe. Tunaondoka."

Wakalirudisha. Nikachukua ingasire langu, nikasimama. Yule mwanamke hakuondoka mlangoni.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Nimemaliza nini, mama?"

"Kulia."

Kicheko kikakatika. Akashuka pale mlangoni taratibu, akaja akakaa chini kando ya jiwe lake.

"Hapa hakuna aliyekuja kulia," akasema. "Ambao wangenililia ndio waliokwenda. Na mimi machozi yamekataa, sijui yako wapi. Nilikuwa nyuma ya mlango nakusikia unavyoita watu wako kwa majina, nikasema huyu anajua kulia. Kwa kuwa ulishaanza, malizia. Wangu nitakutajia mimi."

Nikakaa. Akanitajia. Mama yake Kabanyana, mwenye jiwe. Mumewe Anastazi. Binti zake Alfonsina na Mediatrisi. Mwanawe Kaberuka, na yule wa mwisho ambaye walikuwa bado wanamwita Kadogo. Kila alilotaja nililipokea nikaliita kwa sauti ileile niliyomwitia Kankindi, na wale waliokuwa wakicheka wakaingia ndani ya miyenzi wakakaa, hata yule mwenye mdomo, naye ndiye aliyeanza kuimba wimbo wa wafu. Nilipofika kwa Kadogo, Verediana (ndilo jina lake) akaweka kipaji chake cha uso juu ya jiwe la mama yake, na yale machozi yake yakaja.

Jioni ileile jirani akatupeleka ng'ambo ya barabara. Hapakuwa na kitu, mihogo ya watu, hakuna msingi, hakuna muyenzi mmoja, na jiwe kubwa la Kankindi hakuna anayelijua, labda limo ndani ya ukuta wa mtu. Nilisimama katikati ya mihogo na ingasire mkononi, nikaona ahadi yangu imeniishia hapo. Verediana alikuwa nyuma yangu. Akasema lake dogo lilipotea siku waliyoibiwa kila kitu, na kubwa bila dogo ni kiti tu cha kuku.

Nikampa. Sikuwaza sana, ningewaza ningerudi nalo Remera.

"Halikai," nikamwambia. "Ulisikia lilivyokuwa likilia."

"Litazoea," akasema.

Halikuzoea upesi. Mwaka wa kwanza unga ulitoka mchanga mtupu, tukila ugali wa mtama meno yanalia, tukatazamana tu. Lakini aliendelea kusaga, na mimi kila nikimtembelea nilishika zamu yangu, na mawe yale yakalana kidogo kidogo. Sasa ukilisukuma halitikisiki, linateleza kimya. Kama Kankindi amefika sijui, ila nikilishika nasikia joto la mikono.

Nimejiwekea sheria tangu siku ile, nauliza. Nauliza njia ya kanisani ninakosali kila wiki, nauliza msiba ni wa nani kabla sijakunja uso, wajukuu wanaona haya kutembea nami. Na kwa Verediana siingii uani hata miyenzi ikiwa wazi, nasimama nje nikiwa na kibuyu changu cha maziwa, napiga hodi kama mgeni. Naye, na uzee wake huo, hajaacha kunijibu kutoka ndani, majirani wote wasikie:

"Kama umefuata jiwe, hapana! Kama ni wewe tu, ingia."

Naingia.